Unguja na Pemba kwa ndege: masafa, dakika na mengine tunayoulizwa kila siku

Nakata tiketi za ndege na za boti hapa Mjini, Unguja. Swali la mwanzo la mteja huwa ni lile lile: "Pemba kwa ndege masafa gani?" La pili ni mbona jirani yake aliambiwa dakika 20 na yeye anaambiwa 30. Mengine hunifika kwa simu usiku, mtu keshafunga mizigo na ndiyo kwanza anaisoma tiketi. Haya hapa ndiyo yanayorudi sana.

Kutoka Unguja hadi Pemba kwa ndege ni kilomita ngapi?

Kama kilomita 125, ukiupima mstari ulionyooka kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume hapa Unguja (wazee bado wanauita Kisauni) hadi uwanja wa Pemba, ulio jirani na mji wa Chake Chake. Kwa maili za nchi kavu ni 78. Kwa maili za baharini, ambazo ndizo rubani anazozihesabu, ni 68. Uelekeo ni kaskazini, ukiegemea mashariki.

Mbona kwengine nimesoma kilomita 50, na kwengine mia na kidogo?

Kila mtu ana pahala pake alipoiweka rula. Hizo 50 ni bahari tu, kutoka Nungwi hadi ncha ya kusini ya Pemba, na ni sahihi kwa anayezungumzia upana wa maji. Mia na kidogo ni kutoka bandari ya Malindi hapa Mjini hadi bandari ya Mkoani, Pemba. Hesabu hiyo huwashangaza watu kwa kuwa inaonyesha njia ya bahari ni fupi kuliko ya angani. Ajabu hakuna. Uwanja wa ndege wa Unguja uko kusini ya Mji, na uwanja wa Pemba uko Chake, kaskazini ya Mkoani. Kwa hiyo ndege inaanzia nyuma ya boti na inakwenda kumalizia mbele yake.

Ndege inachukua muda gani?

Hesabu nusu saa.

Ndege ndogo za njia hii, khasa zile Cessna Caravan za injini moja, zikishatulia angani hukata kama kilomita 300 kwa saa. Gawa 125 kwa 300 upate dakika 25. Lakini ndege haianzi safari ikiwa na mwendo huo. Inatambaa kutoka ilipoegeshwa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inangoja ruhusa ya mnara, inapanda polepole, na ikifika Pemba inashuka na kuzunguka ili ijipange na uwanja. Ndiyo maana kwenye ratiba utakuta dakika 30, pengine 35. Aliyekwambia 20 alianza kuhesabu magurudumu yalipoacha ardhi, na siku hiyo upepo ulikuwa unamsukuma.

Ndege kubwa zaidi ingefika haraka?

Kwa dakika chache tu. Ndege ya propela mbili kama ATR 72 inaweza kukata kama kilomita 500 kwa saa, na kwa karatasi ingemaliza kilomita 125 kwa dakika 15. Lakini safari ni fupi mno. Haijamaliza kupanda inatakiwa ianze kushuka, na mwendo wake mkubwa inautumia kwa dakika chache katikati. Halafu ina abiria wengi zaidi wa kupandisha na mabegi mengi zaidi ya kuteremsha. Anayetafuta haraka kwenye njia hii ataipata chini, si angani: atoke nyumbani mapema na abebe begi dogo.

Mimi mbona nilikaa ndani ya ndege karibu saa nzima?

Mara nyingi ni kwa sababu ndege haikuwa yako peke yako. Hizi ndege ndogo hufanya kazi kama gari za shamba. Inaweza kuwa imeanzia Dar es Salaam, ikashusha watu Unguja na kupakia wengine, ikaenda Pemba, kisha ikaendelea Tanga. Ukiwa umepandia Dar, ile robo saa ya kukaa Kisauni na propela imezimwa nayo umeila. Sababu nyengine ni foleni: uwanja wa Unguja una njia moja ya kurukia, na likishuka dege la watalii kutoka Ulaya, kale kenu ka watu 12 kanasubiri pembeni. Kanasubiri pia baada ya dege kupita, maana lile kubwa huacha nyuma yake hewa iliyovurugika na ndege ndogo haifai kuingia humo mara moja.

Kwa hiyo unaponunua tiketi uliza neno moja: "Inakwenda moja kwa moja?"

Tiketi imeandikwa 08:00. Hiyo ni saa nane au saa mbili?

Saa mbili asubuhi. Na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu swali hili limeshaachisha watu ndege wengi kuliko mvua.

Ami yangu mmoja, mtu mzima, msomi wa vitabu vikubwa kuliko mimi, aliletewa tiketi ya Pemba iliyoandikwa 07:30. Akaisoma kama anavyosoma saa yake ya ukutani: saa saba na nusu. Akasali Adhuhuri kwa utulivu, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akapitia Darajani kununua halua ya wenyeji wake, akafika uwanjani na kisanduku chake mkononi saa saba na dakika tano, amefurahi kwamba kawahi. Ndege yake ilikuwa imeruka saa moja na nusu asubuhi, imefika Pemba, na imesharudi. Tiketi nilimkatia mimi, na sikumwambia kitu. Toka siku hiyo kila tiketi inayotoka mezani kwangu naandika kwa kalamu chini yake: "saa moja na nusu asubuhi".

Njia nyepesi ni kutoa sita. 08:00 toa sita ni saa mbili. 10:45 ni saa nne na dakika arubaini na tano. 14:00 ni saa nane mchana. 16:30 ni saa kumi na nusu jioni. Inakubali kuanzia 07:00 asubuhi hadi machweo, na safari za njia hii karibu zote zimo humo. Inayosumbua ni ile ya alfajiri: 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Unguja, Pemba, Dar na Tanga saa zetu ni moja, hakuna cha kurudisha wala kusogeza mbele.

Nifike uwanjani muda gani kabla?

Saa moja kabla, isipokuwa kampuni yako imekwambia vyengine. Utasikia watu wanasema dakika 40 zinatosha kwa kuwa ndege ni ndogo. Mimi nasema udogo wenyewe ndio sababu ya kuwahi: ndege ya watu 12 ikishaingiza 11 na wa kumi na mbili haonekani, hawana sababu ya kumngoja. Usisahau pia kuuliza jengo gani, maana uwanja wa Unguja una zaidi ya jengo moja la abiria, na mwendo wa kutoka jengo hadi jengo na begi begani juani si wa kuufanya ukiwa umechelewa.

Kutoka Mjini hadi uwanjani ni kilomita chache tu, lakini barabara ile asubuhi ya siku ya kazi na skuli haina urafiki. Daladala ya 505 inafika. Ukiwa na mzigo mkubwa, chukua teksi.

Ndege au boti, ipi itanifikisha mapema?

Ndege. Lakini tofauti yake hailingani na anavyodhani anayelinganisha dakika 30 na saa mbili na ushee za boti ya kasi.

Tuchukue mtu wa Mwembetanga anayekwenda Chake Chake mjini. Kwa ndege: nusu saa hadi uwanjani ukiweka na foleni, saa moja ya kusubiri, nusu saa angani, dakika 10 za kungoja begi, robo saa ya gari hadi mjini Chake. Jumla ni kama saa mbili na nusu. Kwa boti: anakwenda Malindi kwa miguu au bodaboda, anasubiri saa nzima, anakaa baharini saa mbili na zaidi, anashuka Mkoani na umati wote ule, kisha gari ya Mkoani hadi Chake, kama kilomita 30 za barabara yenye kona na vilima. Hapo keshatimiza saa nne na nusu, na ikiwa bahari imechafuka ongeza.

Sasa mchukue mtu wa Malindi anayekwenda kwa mkwewe Mkoani, nyumba inaonekana kutoka bandarini. Ndege itamshusha Chake halafu arudi kusini kwa gari. Huyo mwisho wa hesabu atakuwa ameokoa dakika arubaini, na kwa bei ya ndege. Mtu kama huyo namuuzia tiketi ya boti, na bosi wangu hapendi.

Wako pia ambao suala lao si muda. Tangu usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba na kuondoka na mamia ya watu, zipo nyumba katika visiwa hivi ambazo hazipandi chombo cha bahari tena. Wateja hao hawaulizi bei, na mimi siwapigii hesabu ya dakika.

Ndege inapita wapi, na nikae upande gani nione?

Kushoto, wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi, kulia.

Ukiuchora mstari kwenye ramani kutoka Kisauni hadi Chake, unapasua mashamba ya katikati ya Unguja, minazi na miembe, halafu unatokea pwani ya mashariki karibu na Kiwengwa. Kutoka hapo ni bahari tupu, kama kilomita 67, yaani zaidi ya nusu ya safari nzima huoni ardhi chini yako. Mnemba utaiona kushoto, kisiwa kidogo cha kijani ndani ya duara la maji meupe, na nyuma yake rasi ya Nungwi. Rubani halazimiki kuufuata mstari huo, hutegemea anavyoelekezwa na mnara na mawingu yaliyopo. Siku nyengine utapitishwa magharibi na kuiona Tumbatu.

Kuna jambo moja huwatia watu wasiwasi. Njia ya kurukia ya Unguja imelala kusini na kaskazini, na ndege huruka kwa kuukabili upepo. Msimu wa kusi, ndege ya Pemba huanza kwa kukimbilia kusini, inatoka juu ya bahari upande wa Fumba, na ndipo inapogeuka. Nimewahi kukaa pembeni ya bibi mmoja aliyenishika mkono akaniambia, "Mwanangu, tumepanda ya Dar." Msimu wa kaskazi ni kinyume chake: unaruka kuelekea Mji, na kwa dakika moja hivi upande wa kushoto unapata mabati ya Mji Mkongwe, bandari, na Changuu na Bawe vimekaa juu ya maji.

Halafu inaingia Pemba. Ncha ya kusini unaikuta kwenye kisiwa cha Panza na kijiji cha Kengeja, na hapo hapo unaelewa kwamba hiki kisiwa si ndugu pacha wa Unguja. Unguja imenyooka, imelala. Pemba ina vilima vimekunjana kama kanga iliyotupwa kitandani, hori za bahari zinaingia ndani kabisa na mikoko pembeni, na mabonde membamba ya mpunga yanapita katikati ya mikarafuu. Upande wa kushoto, magharibi, ndiko kiliko kisiwa cha Misali. Msimu wa karafuu, ndege ikishateremka chini ya kutosha, utaona majamvi yameanikwa uani, mengine yana rangi ya kijani na wekundu, mengine yameshakuwa kahawia. Ya kahawia ndiyo ya siku za nyuma, yamekaribia kukauka.

Kaskazi na kusi vinabadilisha muda?

Ndiyo, lakini kwa dakika za kuhesabika kwa vidole. Kaskazi, inayovuma Disemba hadi Machi, inatoka karibu kabisa na upande ndege inakokwenda. Tuseme inavuma kilomita 35 kwa saa: ndege ya mwendo wa 300 itakuwa inakwenda 265 juu ya bahari, na kilomita 125 zitachukua dakika 28. Wakati wa kurudi upepo ule ule unaisukuma, mwendo unakuwa 335, dakika 22. Kusi ikianza, mambo yanageuka. Manahodha wa majahazi wangecheka kusikia tunalalamikia dakika sita, maana wao upepo huu huu ulikuwa unawaamulia miezi.

Kinachochelewesha kweli ni masika, Machi hadi Mei. Mvua yenyewe si tatizo, tatizo ni wingu zito likikaa juu ya uwanja. Hapo rubani anasubiri chini, au anazunguka angani hadi lipite. Ukiwa na jambo lisilosubiri Pemba wakati wa masika, mahakama, harusi, mtihani, nenda siku moja kabla.

Ndege yenyewe ni ndogo kiasi gani? Mama yangu anaogopa.

Caravan inachukua abiria kama 12. Mbawa ziko juu, kwa hiyo kila dirisha lina mandhari. Injini moja mbele, propela moja. Hakuna choo, hakuna chai, hakuna mhudumu. Rubani mwenyewe ndiye anayegeuka na kuwaambia mfunge mikanda. Pengine abiria mmoja hukalishwa pembeni yake mbele, kiti ambacho watoto wanakigombania na watu wazima wanakikwepa.

Msishangae mkipimwa uzito pamoja na mabegi yenu, au mkipangiwa viti. Ndege ndogo inataka mizani: uzito ukiegemea nyuma sana au mbele sana inakuwa ngumu kuiendesha. Mtu mnene akiambiwa ahame kiti hajatukanwa.

Mama mwambie hivi: itatikisika kidogo, khasa mchana jua likishakuwa kali na hewa ya moto inapanda kutoka ardhini. Safari ya asubuhi mapema huwa tulivu zaidi. Akae kiti cha karibu na mbawa, asitazame chini sana, na ale kitu chepesi kabla ya kutoka. Tumbo tupu hutapika kuliko lililoshiba kiasi.

Mzigo ni kilo ngapi, na nini hakipandi?

Kampuni nyingi za ndege ndogo hutoa kilo 15 kwa mtu, ukijumlisha na la mkononi. Soma tiketi yako. Wanapenda begi laini kuliko sanduku gumu, kwa kuwa sehemu ya mizigo iko tumboni mwa ndege, ni fupi, na begi laini linakubali kukunjwa.

Kwenda Pemba watu hawana tabu. Tabu iko wakati wa kurudi, mtu kafungiwa pakacha na shangazi zake. Mashelisheli na ndizi havina neno ikiwa kilo zinatosha. Samaki na pweza wagandishwe, wafungwe kwenye mfuko juu ya mfuko, maana maji ya pweza yakimwagika kwenye begi la mtu mwengine hamtaachana kwa amani. Asali iwe kwenye chombo kinachofungika sawasawa. Doriani, jamani, hapana. Ndani ya chumba cha watu 12 kisicho na pa kutokea, doriani moja ni abiria wa kumi na tatu.

Karafuu ni habari nyengine kabisa, na hapa si suala la harufu wala kilo. Karafuu za Zanzibar zinanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la Serikali, na kuzisafirisha kwa njia zako mwenyewe ni magendo. Hata kama ni polo ndogo ya mti wa babu yako, usilipeleke uwanjani.

Na kutoka Dar es Salaam au Tanga?

Dar hadi Unguja ni kilomita 73 kwa mstari ulionyooka, robo saa au dakika 20 angani. Dar hadi Pemba moja kwa moja ni kama kilomita 192. Sasa angalia: Dar hadi Unguja 73, Unguja hadi Pemba 125, jumla 198. Kupitia Unguja kunaongeza kilomita sita tu, kwa kuwa Unguja imekaa karibu njiani kabisa. Anayelalamika kwamba "wamenizungusha" hakuzungushwa, alisimamishwa.

Tanga ndiyo jirani wa kweli wa Pemba: kilomita 84 hivi, dakika 20 hadi 25. Mtu wa Chake anayekwenda hospitali au sokoni Tanga yuko karibu zaidi kuliko akija Unguja, na ndugu wengi wa Pemba wako pwani ile. Ila ndege za moja kwa moja ni chache, uliza siku kabla hujapanga safari.

Nilitafuta tiketi mtandaoni nikapata Pemba ya maelfu ya dola. Nini kimetokea?

Umepelekwa Msumbiji. Iko Pemba nyengine, mji wa bandari katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, uliokuwa ukiitwa Porto Amélia enzi za Mreno. Kutoka Unguja ni zaidi ya kilomita 750, na kwa ndege za abiria utabadilisha mara kadhaa. Mitambo ya kutafutia tiketi haijui kwamba mwanangu unakwenda arusi Wete.

Angalia zile herufi tatu za uwanja kwenye tiketi. Pemba yetu ni PMA. Ile ya Msumbiji ni POL, herufi zilizobaki kutoka lile jina la Mreno. Unguja ni ZNZ. Mteja wangu mmoja anayeishi Uingereza alilipia hoteli ya siku tatu kwenye Pemba isiyo yake kabla ya kunipigia simu. Hoteli nayo ilikuwa nzuri, alisema, kwa picha.

Ni masafa ya kupunguza sala?

Nimeulizwa sana, na mimi ni mkata tiketi, si mufti. Ninachoweza kutoa ni kilomita. Wanaofuata Imamu Shafi huhesabu marhala mbili, ambazo kwa vipimo vya leo masheikh hukadiria kati ya kilomita 80 na 90. Unguja hadi Pemba ni 125, umeshavuka. Kuhusu siku utakazokaa huko na nia yako, muulize sheikh wako.

Wakati wa Ramadhani kuna swali dogo linalofuata: nikipanda jioni, nifuturu kwa saa ya wapi? Pemba iko mashariki kidogo kuliko Unguja, kwa hiyo jua lake huzama kama dakika mbili mapema. Ila ukiwa juu, jua unaliona kwa dakika kadhaa baada ya watu wa chini kuwa keshalikosa. Nimewaona abiria wameshika tende mkononi, wanatazama dirishani, wanangoja. Rubani naye kafunga.

Nahitaji pasi ya kusafiria?

Ni safari ya ndani ya nchi. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi au cha NIDA kinatosha, na jina liwe kama lilivyo kwenye tiketi. Ukiandikwa "Bi Mkubwa" kwa kuwa ndivyo mtaa mzima unavyokuita, itakusumbua. Mgeni wa nje abebe pasi.

Nauli ni kiasi gani?

Sitaiandika hapa kwa sababu itakuwa imebadilika kabla hujamaliza kusoma. Ninalolijua ni hili: mkesha wa Idi, na siku za kufunga na kufungua skuli, viti vinaisha, na hapo hakuna wa kukusaidia. Kata tiketi wiki mbili kabla.

Nikishatua Pemba, nitafikaje Wete au Mkoani?

Uwanja wa Pemba ni mdogo. Unashuka ngazi, unatembea kwa miguu hadi jengoni, begi linaletwa kwa kigari, na ukitoka nje umeshaziona teksi zote zilizopo. Chake Chake mjini ni robo saa. Kwa Wete au Mkoani, kila mmoja ni kama kilomita 30, Wete kaskazini na Mkoani kusini. Nafuu ni kuchukua teksi hadi Chake na kupanda daladala pale kituoni. Ukishukia jioni usitegemee daladala, zinapungua mapema. Mpigie mwenyeji wako kabla hujapanda ndege, mwambie atoke nyumbani wakati huo huo unaporuka Unguja. Kama yuko Wete, mtafika uwanjani karibu pamoja.